Mzazi wa Neno Mbilikimo

Hapo zamani, wakati ambapo mtu aliweza kufungwa kwa neno moja na kufunguliwa kwa jingine, palikuwa na mji uitwao Ungandu, na mji huo ulikuwa na sultani jina lake Shekuwe. Sultani Shekuwe alikuwa mtu wa haki, mkarimu wa chakula, mwepesi wa kusamehe deni, na watu wake walimpenda. Lakini Mungu alimjaalia kimo kidogo. Akiketi katika kiti chake cha enzi, miguu yake ilining'inia kama ya mtoto aliyepakatwa, na akisimama, kilemba chake kilifika mabegani mwa watu.

Jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote ila yeye mwenyewe. Alipokuwa kijana, kaka zake walizoea kumpa vitu vyake kwa kuviinua juu kwanza, ili wamwone akiruka. Na ingawa kaka hao walikwisha kufa zamani, yeye bado alikuwa akiruka moyoni.

Basi alikuwa na waziri wake, Waziri Badi, mtu mrefu sana, mwembamba, mwenye shingo iliyokuwa ikitangulia kufika kila aendapo. Waziri huyu aliujua uchungu wa bwana wake, akaufanya kuwa shamba lake. Alimwambia, "Maulana, heshima ya mfalme huonekana kwa walio karibu naye. Weka askari warefu, watu waogope." Sultani akaweka askari warefu kama milingoti. Halafu akamwambia, "Maulana, kiti chako kiko chini mno." Kiti kikainuliwa, na miguu ikazidi kuning'inia. Halafu akamshonea kilemba kirefu, akamchongea mitalawanda, viatu vya mti vyenye visigino virefu, na kwa kila jambo lililoongezwa, Sultani alijiona amepungua.

Ikawa siku moja Waziri akamnong'oneza, "Maulana, nimesikia sokoni watu wakitaja neno mbilikimo, na walipokiona kivuli changu wakanyamaza."

Sultani akauliza, "Walikuwa wakimtaja nani?"

Waziri akainamisha shingo yake ndefu, akasema, "Mimi ni mtumwa wako, Maulana. Sina ulimi wa kujibu swali hilo."

Basi siku hiyo hiyo ikapigwa mbiu ya pembe, ikasemwa kwamba neno mbilikimo ni haramu katika Ungandu, na pamoja nalo andunje, na kibeti, na kidurango. Haikupita muda Waziri akakumbuka kwamba maneno hayo yote yana jamaa yao mmoja aliyebaki mjini akitembea huru, nalo ni neno hili, "fupi". Nalo likapigwa marufuku.

Hapo ndipo watu walipoanza kutaabika. Mwenye kununua kamba alilazimika kusema anataka kamba ambayo haikujaaliwa urefu. Mshonaji alimwambia mteja wake, "Kanzu yako, bwana, imeishia mapema." Khatibu wa msikiti, aliyezoea kusema "kwa ufupi" na kisha kumaliza hotuba yake, sasa hakujua njia ya kuimaliza, akawa anaendelea tu hadi watu wanasinzia, na wengine wakaamka wakamkuta bado yumo katika habari za gharika ya Nuhu.

Katika mji huo aliishi mtu mmoja jina lake Ngwali. Huyu alikuwa hana shamba, hana ng'ombe, hana kazi ijulikanayo ila kukaa barazani kwa watu na kuwachekesha, na wenye akili zao walimwita mpumbavu. Kimo chake kilikuwa sawasawa na cha Sultani, labda na unywele mmoja zaidi. Mkewe, Mize, alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kufika mbali, naye ndiye aliyewalisha wote wawili kwa kukaanga vitumbua sokoni. Tangu usiku wa harusi yao, alipomwona mumewe akipanda kigoda ili amfunue shela, Mize alimwita "mbilikimo wangu", na Ngwali aliitika kwa furaha kama mtu aliyepewa cheo.

Mbiu ilipopigwa, Ngwali alimwambia, "Mke wangu, sasa utafute jina jingine la kuniita."

Mize akasema, "Nitakuita nini? Nikikuita Ngwali utadhani nimekasirika."

Akajitahidi. Alijitahidi siku nyingi kidogo. Lakini asubuhi moja upepo ulikuja vibaya, moshi ukamjaa macho, mafuta yakaanza kuunguza vitumbua vyake, na mumewe yuko kule ng'ambo ya soko akimsimulia muuza chumvi jambo lisilokuwa na maana. Mize akapaza sauti yake yote: "Wee mbilikimo wangu! Njoo unipepee moto huu, nakufa!"

Na wakati huo huo, kwenye pembe ya soko, ukatokeza msafara wa Sultani: askari warefu huku na huku, Waziri Badi kando, na katikati, kama kisima kati ya minara, Sultani Shekuwe mwenyewe.

Muuza chumvi alijificha nyuma ya chumvi yake. Mize akageuka, akamwona aliye mbele yake, akafunika mdomo kwa kiganja chenye unga, lakini neno lilikwisha kutoka.

Waziri akasema, "Mkamateni."

Mize akapiga magoti, akasema, "Maulana, Mungu akuweke. Wallahi sikukutaja wewe. Nilikuwa namwita mume wangu, yule pale."

Watu wakamtazama Ngwali aliyekuwa akija mbio, jasho likimtoka. Akafika, akapiga magoti kando ya mkewe, na hata walipopiga magoti mke alimzidi mume. Akasema, "Ni kweli, Maulana. Jina hilo ni langu, nimelimiliki tangu ndoa. Kama kuna kosa, nifunge mimi niliyeliitika."

Sultani alikuwa amewiva uso. Si hasira tupu ile. Ilikuwa na aibu ndani yake, maana aligeuka aliposikia neno lile. Aliitwa mtu mwingine, na yeye akageuka, na soko lote lilimwona akigeuka.

Akasema, "Wapelekeni barazani, mke na mume."

Basi wakaenda hadi uwanja wa nyumba ya Sultani, uliokuwa umetandazwa mchanga mweupe, na Sultani akapandishwa kitini kwake, akamwita Kadhi. Akamwuliza, "Ewe Kadhi, wewe umesoma. Neno hili mbilikimo maana yake nini, na asili yake wapi?"

Kadhi akakohoa, akazitazama kuta, akasema, "Maulana, nilivyosikia kwa walimu wangu, ni mbili na kimo. Yaani mtu ambaye kimo chake ni shibiri mbili."

Sultani akasema, "Nani aliyempima mtu huyo?"

"Sijui, Maulana."

"Basi nani aliyelitamka neno kwanza?"

"Sijui, Maulana."

Sultani akapiga mkono wa kiti. "Neno halioti ukutani kama kuvu. Lina mzazi. Yuko mtu aliyelizaa, likatoka kwake likaenea hata kwenye kikaango cha vitumbua! Simtaki huyu mwanamke, namtaka mzazi wa neno. Akiletwa mbele yangu, naapa kwa enzi hii, atapunguzwa kimo kwa kichwa kimoja."

Waliosikia wakashika shingo zao. Maana katika baraza ile hawakusema kukata kichwa. Waziri Badi alikuwa amefundisha kwamba maneno hayo yananuka damu na hayafai penye mazulia, na kwamba msemo wa adabu ni kupunguzwa kimo kwa kichwa kimoja.

Waziri akasema, "Maulana, nani atatumwa kumtafuta mzazi wa neno? Ni kazi isiyowezekana." Kisha akatabasamu. "Atumwe huyu mwenye jina lake. Mkewe abaki gerezani. Ikifika Ijumaa baada ya sala, kama hakuleta mtu, basi ulimi wa mwanamke ukatwe, usimwite tena yeyote."

Sultani akatikisa kichwa kukubali, ingawa hakumtazama Mize.

Askari wakamchukua Mize. Alipopita karibu na mumewe akamnong'oneza, "Ngwali, maisha yako yote umekuwa ukisema upuuzi. Safari hii sema wa maana."

Ngwali akatoka nje. Aliketi juu ya jiwe la kufungia punda, akalia, na huo haukuwa mchezo, maana watu waliopita walimsubiri acheke na hakucheka. Alikuwa akiufikiria ulimi ule. Ulimtukana mara nyingi, ulimwita mvivu, ulimwita mlafi, lakini hakuna sauti nyingine duniani iliyowahi kumwita kutoka mbali hivyo kwa sababu inamtaka.

Alipokwisha kulia akarudi nyumbani, akaanza kulitafuta neno kama mtu atafutavyo sindano. Alijilaza kitandani, kitanda kikamtosha, kikabaki. Akajifunika shuka, ikamfunika na kuzidi. Akaketi juu ya kigoda, nyayo zake zikagusa chini vizuri. Akauambia ule ukuta, "Mimi mbilikimo?" na ukuta haukuwa na habari. Akasema moyoni, "Ajabu. Nimo nyumbani humu mzima mzima, na neno halimo."

Akatoka. Akasimama kando ya mbuzi wa jirani, akangoja, hapana mtu aliyecheka. Akaenda chuoni wanakosoma watoto, akasimama kati yao, na watoto wakamtazama kwa kuinua nyuso, wakamwomba awatungulie pera lililokuwa juu ya tawi, akalitungua. Halafu akaenda hadi lango la Sultani, akasimama kando ya bawabu, aliyekuwa mmoja wa wale warefu. Alisimama tu, bega lake kwenye mbavu za bawabu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na mtungi akawatazama wawili wale, akauma mdomo, akaanza kutikisika hata maji yakamwagika.

Ngwali akamwuliza, "Dada yangu, unacheka nini?"

Mwanamke akasema, "Sicheki, kaka. Neno lenyewe limekatazwa." Akakimbia.

Ngwali akarukaruka pale langoni, akampa bawabu mkono kwa kumshukuru, bawabu asijue ameshukuriwa nini. Mji wote ukasema, masikini, huzuni imemla akili ile kidogo aliyokuwa nayo.

Ikafika Ijumaa. Khatibu alihutubu mpaka watu wakakata tamaa, na hatimaye wakatoka wakajaa katika uwanja wa Sultani. Mize aliletwa, amefungwa mikono, akasimamishwa kando. Mwenye upanga naye alikuwepo. Ngwali akaja wa mwisho, amevaa kanzu yake moja, na begani amebeba jembe.

Bawabu akamwuliza, "Jembe la nini?"

Ngwali akasema, "Huwezi kujua mzazi wa neno amepandwa kina gani."

Wakamwacha apite. Akafika mbele ya kiti, akaliweka jembe chini, akainama.

Sultani akasema, "Umemleta?"

"Maulana, nimekuja naye. Yaani mimi nimekuja, na yeye nimemkuta amekwisha fika."

Watu wakaanza kutazamana. Waziri akasema, "Maulana, mtu huyu anapoteza wakati wako."

"Mwache aseme," akasema Sultani.

Ngwali akasema, "Maulana, naomba watu warudi nyuma, nibaki peke yangu katikati ya uwanja."

Watu wakarudi nyuma hadi kwenye kuta, naye akabaki peke yake katika mchanga ule mweupe, mikono amening'iniza. Akapaza sauti: "Enyi watu wa Ungandu, nitazameni. Je, neno lile liko hapa?"

Watu wakamtazama. Walimwona mtu amesimama uwanjani. Wengine wakasema, "Hatulioni." Na kwa kweli hawakuliona, maana hapakuwa na kitu karibu naye cha kumpimia.

"Vyema. Sasa, Maulana, naomba Waziri Badi anisaidie kwa jambo moja tu. Asimame kando yangu."

Waziri akasita, lakini Sultani alimwonyesha kwa kidole, akashuka. Akatembea mchangani, shingo ikitangulia, akafika, akasimama kando ya Ngwali. Utosi wa Ngwali ulifika kwenye bega la Waziri. Ngwali akainua uso akamtazama Waziri, na Waziri, kwa kutaka kumwona aliyekuwa akimtazama, akajikunja kama korongo anayechungulia maji.

Basi kicheko kikaanza pembeni, kidogo, kama maji yanayochemka. Mtu mmoja akajifunika uso kwa kofia. Mwingine akamgeukia mwenzake, na mwishowe mama mmoja nyuma kabisa akashindwa kujizuia, akasema kwa sauti: "Lo! Mbilikimo!"

Ngwali akaruka, akanyosha kidole juu. "Mmelisikia? Limezaliwa! Limezaliwa sasa hivi, bado bichi! Nilipokuwa peke yangu halikuwepo, mmeshuhudia wenyewe. Amekuja Waziri, likaja. Maulana, ikiwa kitu kisichokuwepo kimekuwepo mtu alipoingia, yule aliyeingia ndiye aliyekuja nacho. Mzazi wa neno ndiye huyu."

Kadhi akasimama, akasema, "Haiwezekani! Neno lina maana yake. Ni shibiri mbili za kimo."

"Kadhi wangu," akasema Ngwali, "njoo unipime, tafadhali."

Kadhi akaja, akachuchumaa, akaweka kiganja chake mchangani, akapima shibiri ya kwanza, akapima ya pili, akaishia pale pale, mkono wake uko gotini kwa Ngwali.

"Umekwisha?" akauliza Ngwali. "Mbona mimi bado naendelea?"

Watu wakacheka, na Kadhi akaondoa mkono wake.

Ngwali akasema, "Hakuna mtu wa shibiri mbili, Maulana, ila mtoto wa siku saba, naye haitwi jina hilo, huitwa mashaallah. Mbili zile si shibiri. Ni vimo. Pasimame kimo kimoja, hapana neno. Visimame viwili pamoja, kimoja kikachungulia kingine, hapo neno limo. Ndiyo maana likaitwa mbili kimo."

Kadhi akasema, "Lugha yasema vimo viwili. Si mbili kimo."

"Kadhi, neno hili limetungwa na watu waliokuwa wanacheka, na mtu anayecheka hana nafasi ya kutengeneza lugha."

Sultani hakucheka. Alikuwa ameinama mbele kitini kwake. Akasema polepole, "Umesema vimo viwili. Kimo kimoja umenionyesha mwenyewe, ni Waziri. Kimo cha pili ni cha nani?"

Kila mtu akaanza kutazama vidole vya miguu yake. Mize, pale alipofungwa, akafumba macho.

Ngwali akasema, "Uwanjani hapa, Maulana, ni changu. Mahali pengine sikutumwa."

Sultani akamtazama. Midomo yake ilitaka kutabasamu, akaizuia.

Lakini Waziri Badi alikwisha kuona upenyo. Akapiga magoti, akasema haraka, "Maulana! Amekiri! Kama mimi ni mzazi, na yeye ni mzazi. Tupunguzwe kimo sote wawili, ndiyo haki!"

Ngwali akatikisa kichwa kwa huruma. "Maulana, hesabu hiyo haifai. Ukinipunguza kichwa, na yeye ukampunguza kichwa, bado atanizidi vile vile, na neno litabaki vile vile, halina hata jeraha. Ukitaka neno life, mpunguze mmoja."

Sultani akageuka, akamtazama Waziri wake. Walikuwa pamoja miaka mingi. Alijua sasa, kama mtu anayeamka, ni nani aliyemwekea askari warefu, na kiti kirefu, na kila kitu kilichokuwa kikimzaa upya kila siku akiwa mbilikimo mbele ya watu wake. Lakini alijua pia kwamba aliyekubali yote ni yeye. Na kiapo alikuwa amekiapa kwa enzi yake mbele ya mji. Akafunika macho kwa mkono, akasema kwa sauti isiyosikika vizuri, "Hukumu ni hukumu. Apunguzwe kimo kwa kichwa kimoja."

Mwenye upanga akatoka mbele. Waziri akaanguka mchangani, akatambaa, akashika nguo ya kila aliyekuwa karibu, na ikawa nguo ya kwanza aliyoishika ni ya Ngwali.

Akalia, "Ndugu yangu! Ndugu yangu Ngwali! Nisemee!"

Ngwali akamwambia mwenye upanga, "Bwana, wewe unakwenda wapi? Umeitwa na nani?"

"Nimeitwa na hukumu."

"Hukumu imesema apunguzwe kimo. Haikutaja upanga, haikutaja shingo, haikutaja damu. Mimi nimesikia kimo, ndiyo maana nimekuja na jembe." Akamwelekea Sultani, akainama. "Maulana, nipe ruhusa nitimize neno lako kama ulivyolisema, bila kuongeza wala kupunguza."

Sultani akaondoa mkono usoni. "Timiza."

Basi Ngwali akachukua jembe lake, akamsimamisha Waziri wima, akachukua ukuti wa mnazi akaupima kutoka kidevuni mwa Waziri hadi utosini, akauvunja pale ulipoishia, kisha akaanza kuchimba. Mchanga ulikuwa laini juu na mgumu chini, na Ngwali hakuwa mtu wa kazi. Akahema, akapumzika, akaegemea jembe. Waziri Badi alipoona ametulia, akamnyang'anya jembe, akachimba mwenyewe, tena kwa mikono na kwa kucha, hata watu wakasema hawajawahi kuona waziri mchapakazi kama yule. Shimo likafika kipimo cha kile kipande. Waziri akaingia ndani, akasimama, akajipangusa.

"Amepunguzwa," akasema Ngwali. "Kichwa kimoja kamili. Maulana akipenda ahakikishe."

Sultani Shekuwe akaitazama mitalawanda yake. Akaivua, mmoja, kisha mwingine. Akateremka kitini, kwa kuruka, na mara hii hakujali nani ameona. Akatembea pekupeku mchangani hadi kwenye shimo, akasimama mbele ya Waziri wake, na Waziri alipoinamisha ile shingo yake ndefu, nyuso zao zikawa sawa, jicho kwa jicho. Hakuhitaji kuinua kidevu.

Halafu akasema, "Badi, kumbe una makengeza."

Waziri akasema, "Naam, Maulana. Tangu kuzaliwa."

"Miaka yote hii mimi nimeona matundu ya pua yako tu."

Akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda, kilemba kikaanguka kikaviringika mchangani, naye akashika magoti yake akacheka hata machozi, na watu waliposhuhudia kwamba ni yeye mwenyewe anayecheka wakacheka naye, mwenye upanga akacheka, hata Kadhi, na Waziri ndani ya shimo akacheka kwa sababu shingo yake ilikuwa bado ipo.

Sultani alipopata pumzi akasema, "Mfungueni yule mwanamke. Na mbiu ipigwe leo hii: maneno yote yarudi makwao, kila mtu aseme alitakalo. Askari hawa warefu waende wakatungue nazi, kazi yao iliyo haki. Na wewe, Badi, kaa humo hadi jioni, ujue dunia inavyoonekana kutoka hapa chini."

Kisha akamgeukia Ngwali. "Na wewe, omba ujira wako."

Ngwali akasema, "Maulana, kwanza namtaka mke wangu na ulimi wake, vyote pamoja. Pili, moshi wa siku ile uliunguza vitumbua vyote, hatujala vizuri tangu hapo."

Sultani akaamuru apewe magunia ya mchele na punda wa kuyabeba, na kwamba kila Ijumaa aje barazani aketi naye kwenye mkeka mmoja. Ngwali akambusu mkono.

Wakatoka mke na mume, punda mbele, wakapita soko, wakaingia njia ya kwao. Hapo Mize akauliza, "Sasa nieleze, jembe lile ulilipata wapi?"

"Nimeliazima kwa muuza chumvi."

"Na kama Sultani angekataa shimo, akataka upanga?"

Ngwali akafikiri. "Hilo sikuwa nimelifikiria."

Mize akasimama. Akamtazama mumewe, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akaketi pale pale njiani, katikati ya vumbi, akiwa amejishika mbavu. Ngwali akabaki amesimama juu yake, hajui la kufanya, maana hakuzoea kumtazama mkewe kutoka upande huo. Akaona njia ya nywele zake katikati, na mahali ambapo ukaya wake wa kichwani ulikuwa umeteleza.

Akasema, "Mize, kumbe una mvi."

"Nimezipata gerezani kwa kungoja akili zako."

"Ni nyingi."

"Nilingoja sana." Akamnyoshea mkono. "Haya, ninyanyue."

Akamshika, akavuta, akavuta tena, mpaka akasimama mzima mzima kwa urefu wake wote, na jua la alasiri likawarushia vivuli viwili mbele yao njiani, wakavifuata hadi nyumbani. Mimi nami niliwaacha mlangoni, maana ya ndani si ya kusimuliwa.